Angalia toleo kabla hujanukuu

Wewe unayeanza tasnifu ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza, kabla hujapiga mstari chini ya sentensi hata moja, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji uone matini uliyoshika yametoka toleo la mwaka gani. Chukua riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley. Katika toleo la 1818, Elizabeth, mchumba wa mhusika mkuu Victor, ni binamu yake, mtoto wa shangazi yake. Katika lile la 1831, alilolirekebisha Shelley mwenyewe, ni yatima aliyekuwa akilelewa na familia maskini huko Italia. Sasa jenga hoja yako juu ya ndoa ya ndugu wa damu huku mkononi una nakala ya 1831, kisha mtahini akuulize swali moja tu. Sura nzima imekwenda na maji!

Nakala za bure za mtandaoni ndizo za kuogopa zaidi, maana nyingi hazitaji mwaka. Linganisha sura ya kwanza na nakala ya maktaba. Kisha andika mwaka wa toleo juu ya kila ukurasa wa daftari lako, kwa kalamu nyekundu.