Calatrava au Traditionnelle: Jinsi ya Kuchagua Kati ya Saa Mbili za Hafla Ukiwa Mombasa

Mtu anayetafuta saa moja nzuri ya kuvaa na kanzu na koti harusini, au na suti kwenye kikao cha heshima, mara nyingi hufika mahali ambapo saa nyingine zote zimeshaondoka akilini mwake na zimebaki mbili tu, nazo zinashabihiana mno hata hajui ashike ipi. Hapo wengi huamua kwa kufuata jina linalotajwa zaidi na watu. Mimi naona jina ndilo jambo la mwisho kutazamwa. Saa ya bei kubwa namna hii itavaliwa miaka mingi katika joto na chumvi ya pwani, na yatakayomfanya mwenyewe aipende au aijutie ni yale yatakayoipata mkononi mwake na mezani kwa fundi.

Mfano nitakaoutumia ni Patek Philippe Calatrava 6119, iliyotolewa mwaka 2021, na Vacheron Constantin Traditionnelle 82172. Zote mbili hutengenezwa Geneva nchini Uswisi, na kampuni zenyewe ni za tangu 1839 na 1755. Zote ni za duara, zina akrabu mbili katikati na akrabu ndogo ya sekunde kwenye kiduara cha chini, hazina tarehe, hutiwa ufunguo kwa mkono, na kamani (springi inayoiendesha saa) ikishajaa hutembea kwa muda wa saa 65. Calatrava ina kipenyo cha milimita 39 na unene wa milimita 8.08, Traditionnelle ina milimita 38 na unene wa 7.77. Zote zimeandikwa kuwa zinastahimili maji hadi mita 30. Anayelinganisha kwa kusoma takwimu peke yake atakesha bila kupata jibu, kwa sababu tofauti ya unene ni kama theluthi ya milimita moja, na hakuna mkono wa kanzu wala wa shati utakaoitambua.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua liko nje ya takwimu hizo, nalo ni madini. Kwa mwanamume Mwislamu jambo hili hutangulia yote, maana wanazuoni wa madhehebu manne wameshika kuwa mwanamume haruhusiwi kuvaa dhahabu, na Calatrava 6119 ilipotolewa ilikuja kwa dhahabu ya waridi na dhahabu nyeupe. Nimeona watu wakiridhika na dhahabu nyeupe kwa kuwa rangi yake ni ya fedha na mtazamaji hataijua. Ieleweke wazi kwamba dhahabu nyeupe ya karati 18 ni dhahabu halisi kwa asilimia 75, na kilichobadilisha rangi yake ni madini mengine yaliyochanganywa humo, kama vile paladi. Sonara yeyote wa mjini ataithibitisha kwa kuipima. Mwenye kujali hukumu hii aulizie saa ya platini, ambayo si dhahabu. Kampuni zote mbili hutengeneza baadhi ya saa zao kwa madini hayo, na saa za platini za Patek Philippe hutambulika kwa kijialmasi kimoja kidogo kilichotiwa ubavuni, chini ya kiduara cha sekunde. Platini ni nzito kuliko dhahabu, na bei ya saa ya platini hupanda sana. Asiyetaka kufika huko atazame saa za chuma cha pua, kwa mfano Reverso ya Jaeger-LeCoultre au SBGW231 ya Grand Seiko, na njia ya kuchagua ninayoieleza hapa itamfaa vilevile. Ikiwa kuna shaka yoyote, shekhe aulizwe kabla ya pesa kutoka. Mwanamke, na asiye Mwislamu, hana kizuizi hiki, na kwake dhahabu ya waridi hukaa vizuri sana juu ya ngozi ya watu wa huku kwetu, hasa katika mwanga wa jua la jioni kuliko ule mweupe wa taa za dukani.

Baada ya madini, tazama ukingo unaozunguka kioo, maana hapo ndipo saa hizi mbili zinapoachana kwa kweli. Ukingo wa Calatrava 6119 umechongwa vipiramidi vidogo vidogo kuuzunguka wote, mtindo uitwao Clous de Paris, ambao kampuni ilishautumia kwenye modeli ya 3919 mwaka 1985 na watu wakaupenda. Ukingo wa Traditionnelle ni laini na umepandishwa kwa ngazi. Mapambo yake yamefichwa nyuma, ambako pembezoni mwa kifuniko kumechongwa mifereji. Dukani, chini ya taa, vipiramidi vya Calatrava humetameta na kumvuta mtu mara moja, na ninakiri kwamba ni kazi nzuri. Lakini mvaaji wa Mombasa afikirie miezi ya Kaskazi, jasho linapotiririka tangu asubuhi, na hewa ya bahari iliyojaa chumvi. Uchafu wa jasho, vumbi na mafuta ya kujipaka huingia katikati ya vipiramidi hivyo na hukaa humo, na kuutoa kunahitaji brashi laini na subira. Jambo zito zaidi ni kung'arisha. Ukingo laini ukikwaruzwa, fundi hodari anaweza kuurudisha; vipiramidi vikishapitishwa kwenye gurudumu la kung'arishia hupoteza ncha zake, na ncha hizo hazirudi isipokuwa kwa kazi ngumu ya kiwandani. Anayenunua Calatrava ya mkono wa pili achukue kioo cha kukuzia na azitazame ncha zote kuuzunguka ukingo. Zikiwa zimeviringika upande mmoja, saa hiyo imeguswa na fundi aliyeharakisha.

Ukingo huohuo ndio unaovuruga hesabu ya ukubwa. Uso wa saa ukizungukwa na ukingo mpana uliochongwa huonekana mdogo kuliko kipenyo chake kilivyoandikwa, na uso uliozungukwa na ukingo mwembamba huonekana mkubwa. Ndiyo maana saa ya milimita 38 na ya milimita 39 zinaweza kuonekana sawa mkononi, au hata ile ndogo ikaonekana pana zaidi. Picha za mtandaoni hazimsaidii mnunuzi hapa. Apime kwa rula upana wa sehemu bapa ya juu ya kifundo cha mkono wake, kisha apime saa kutoka ncha ya miguu ya juu inayoshika mkanda hadi ncha ya miguu ya chini. Kipimo cha pili kikizidi cha kwanza, saa itaning'inia nje ya mkono hata ikiwa nyembamba kama sarafu. Vipimo hivi vichukuliwe jioni ya siku ya joto, kwa kuwa mkono hufura kidogo, na mkanda uliofungwa vizuri ndani ya duka lenye kiyoyozi hubana ukitoka nje.

Mashine ni jambo ambalo wapenzi wa saa hulijadili mno na wavaaji hulisahau upesi, lakini kwa bei hii ni haki ya mnunuzi kujua anachokilipia. Ndani ya 6119 mna mashine ya 30-255 PS, yenye kipenyo cha milimita 31 na unene wa milimita 2.55, na ina mapipa mawili ya kamani yanayofanya kazi pamoja. Ndani ya 82172 mna mashine ya 4400 AS, yenye kipenyo cha milimita 28.6 na unene wa milimita 2.8, na pipa lake ni moja. Zote mbili hupiga mara 28,800 kwa saa. Kipenyo cha mashine si takwimu tupu, kwa sababu ndicho kinachoamua mahali pa kiduara cha sekunde: mashine ndogo ikitiwa ndani ya kasha kubwa, kiduara hicho husogea karibu na katikati na uso hukosa mizani. Saa zote mbili zimeepuka kasoro hiyo, na anayetaka kuona ninachokisema alinganishe na saa yoyote kubwa ya siku hizi yenye mashine ndogo ya zamani. Geuza saa zote mbili uzitazame kwa nyuma kupitia kioo chake, na uangalie kingo za vipande vya chuma, jinsi zilivyochongwa mshazari na kung'arishwa. Mashine ya Vacheron hubeba Poinçon de Genève, yaani muhuri wa ubora wa Geneva, alama ambayo sheria yake ni ya mwaka 1886. Patek Philippe iliiacha alama hiyo mwaka 2009 na kuweka muhuri wake yenyewe. Sioni kwamba muhuri mmoja unatosha kumwamulia mtu.

Kinachoweza kumwamulia ni mkono wake wakati wa kutia ufunguo. Mwombe muuzaji aziache zote mbili zisimame, kisha uzitie ufunguo wewe mwenyewe, polepole, tangu mwanzo hadi kamani inapokataa. Utasikia kwa vidole kama kitufe cha ubavuni cha kutilia ufunguo kinashikika vizuri au kinateleza kwa jasho, na kama meno yanaitikia kwa ulaini au kwa ukavu. Vuta kitufe nje uone kama akrabu ya sekunde inasimama, uzungushe akrabu mbele na nyuma, na uangalie kama ya dakika inatulia pale ulipoiacha. Tendo hili utalifanya mara nyingi kuliko lolote jingine. Kwa muda wa saa 65, saa iliyojazwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni itafika Jumatatu saa tano asubuhi, kwa hiyo anayeivua Ijumaa na kuiacha wikendi nzima ataikuta bado inatembea Jumatatu asubuhi.

Sasa mkanda na maji, jambo ambalo kwa pwani linastahili kuzungumzwa kwa kirefu kuliko mashine. Maneno "mita 30" yasimdanganye mtu akaogelea Nyali na saa hii. Maana yake ni kwamba saa imejaribiwa kwa mgandamizo huo ikiwa imetulia, nayo itavumilia manyunyu ya mvua; mipira inayozuia maji huchakaa kwa joto na umri. Anayetawadha mara tano kwa siku ataivua, na ataivua juu ya sakafu ya mawe. Kwa sababu hiyo sioni bizimu ya kawaida, ambayo ndiyo inayokuja na saa hizi, kuwa chaguo bora kwake: kila inapofunguliwa mkanda hukunjwa mahali palepale, na mkono ukiteleza saa huanguka. Aulizie bizimu ya kukunja, ambayo huacha mkanda ukiwa duara moja hata ukifunguliwa. Saa ikishavuliwa iingie mfukoni. Ukingo wa birika si mahali pake.

Ngozi ya mamba inayotoka kiwandani ni nzuri kwa macho, lakini jasho la pwani huiozesha kutoka ndani, ikaanza kunuka na kugeuka rangi. Mwenye saa awe na mikanda isiyopungua miwili, aibadilishe kwa zamu, na mkanda uliolowa jasho auache ukauke kivulini kwa siku nzima kabla ya kuuvaa tena. Aulize pia ndani ya mkanda kumebandikwa ngozi gani, maana baadhi ya mikanda hubandikwa ngozi ya nguruwe upande unaogusa mkono, na muuzaji hatalisema jambo hilo asipoulizwa.

Saa za namna hii hufunguliwa, husafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka kadhaa. Fundi wa mtaani anayebadilisha betri na mikanda kwa ustadi asipewe kazi hii, kwa kuwa vipuri na vifaa vyake huwa kiwandani. Kampuni zote mbili hukubali kutengeneza saa zao hata za zamani kabisa, na kinachobaki ni njia ya kuifikisha huko. Muulize kila muuzaji ni nani atakayeipokea saa ikiharibika, itapelekwa nchi gani, nani atalipia bima ya safari, na itakaa huko muda gani. Majibu yaandikwe. Muuzaji mmoja akiwa na majibu na mwingine akababaika, hiyo ni sababu halali ya kuchagua, hata kama saa ya anayebabaika ndiyo iliyokuvutia kwanza.

Rai yangu ni hii. Kwa mtu wa Mombasa atakayeivaa saa yake mara kwa mara, ofisini, msikitini na kwenye shughuli, ningemshauri Traditionnelle, kwa ajili ya ukingo wake laini usiohifadhi jasho na unaovumilia kurekebishwa. Kwa atakayeivaa siku za harusi na Idi tu, kisha airudishe kabatini pamoja na vifuko vya kukausha unyevunyevu, Calatrava itampa furaha zaidi kila anapoigeuza kwenye mwanga. Anayewaza kwamba huenda siku moja familia italazimika kuiuza, basi jina la Patek Philippe hupata mnunuzi kwa wepesi zaidi. Lakini asinunue saa ya dhahabu ya aina hii kwa kutarajia faida, maana nyingi huuzwa mkono wa pili chini ya bei ya dukani.

Ukiinunua Dubai au Ulaya, inunue kwa wakala aliyeidhinishwa na kampuni, uhakikishe nambari iliyo kwenye saa inalingana na iliyo kwenye hati, na uitangaze kwa maafisa wa forodha wa KRA utakapotua uwanja wa Moi, risiti ikiwa mkononi, kwa sababu utahitaji uthibitisho huo siku saa itakapotoka nchini kwenda kutengenezwa na kurudi. Biashara ya ngozi ya mamba kuvuka mipaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kifurushi chenye mkanda huo bila hati kinaweza kuzuiliwa njiani. Kwa hiyo, kabla ya kuituma saa kwa matengenezo, uvue mkanda wa mamba, ubaki nao nyumbani, na saa iende na mkanda wa ngozi ya ng'ombe au bila mkanda kabisa.