Mashine ikisoma chembe sahani chache: namna ya kuhakiki

Mashine nyingi za kuhesabia chembe za damu bado zinafuata mbinu ambayo Wallace Coulter alipata hataza yake Marekani mwaka 1953. Chembe hupita kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme, huuzuia kidogo, na ukubwa wa mzuio huo huonyesha ukubwa wa chembe. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hutambuliwa kwa udogo wake, na kosa huingilia hapo hapo. Zikishikana mabonge, mashine huziruka, pengine hata kuzijumlisha na chembe nyeupe. Kwa hiyo 40,000 kwa maikrolita (kawaida ni 150,000 hadi 400,000) isitoke maabara kama jibu kamili kabla ya kuangaliwa kwa darubini. Mgonjwa akiwa anavuja damu, pigia wodi mara moja, ila sema wazi kwamba bado unahakiki.

Anza na tyubu. Fungua kifuniko cha zambarau, zungusha kijiti cha mbao ndani ya damu, kisha kivute polepole. Ukiona uzi wa damu iliyoganda umenata, usirudie kupima: omba sampuli mpya. Mara nyingi chanzo ni damu iliyotoka kwa shida mshipani, au tyubu ambayo haikupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 ilipojazwa tu.

Kama haijaganda, tandaza slaidi, ipake rangi ya Leishman au Giemsa, uiangalie kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Pita kwanza mkiani (mwisho mwembamba wa damu iliyotandazwa) na pembeni, maana mabonge husukumwa huko. Kisha nenda mahali ambapo chembe nyekundu zinagusana kidogo tu, hesabu chembe sahani katika maeneo 10, tafuta wastani, uzidishe kwa 15,000. Wastani wa 3 ni 45,000, mashine imesema kweli. Wastani wa 12 ni 180,000, nayo imekosea. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu usimtegemezee kadirio hili.

Mabonge yakiwepo bila damu kuganda, shuku EDTA yenyewe, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda iliyo kwenye tyubu ya zambarau. Dawa hiyo hufunga kalsiamu, umbo la protini zilizo juu ya chembe sahani hubadilika, na kingamwili walizo nazo baadhi ya watu huzinasa pamoja. Mwilini hakuna tatizo lolote, na ni jambo la kusikitisha mtu kuongezewa chembe sahani au kuahirishiwa upasuaji kwa ajili ya kilichotokea ndani ya tyubu. Chukua damu kwenye tyubu ya buluu yenye sitreti (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda), ijaze hadi alama, ipime mapema, uzidishe kwa 1.1, kwa kuwa sehemu 1 ya sitreti imeingia kwenye sehemu 9 za damu. Ikisoma 170,000, andika 187,000. Tandaza slaidi ya damu hiyo pia, maana wapo ambao chembe zao hushikana hata kwenye sitreti.

Bado una shaka? Hesabu kwa mkono. Changanya maikrolita 20 za damu na 380 za amonia oksaleti ya asilimia 1 iliyochujwa, usubiri dakika 10 chembe nyekundu zipasuke. Jaza chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia chembe), iache dakika 20 ndani ya kisahani kilichofunikwa chenye karatasi mbichi. Bila unyevu huo maji hukauka na hesabu huharibika. Tumia lenzi ya 40 na mwanga uliopunguzwa, hesabu mraba wote wa kati wa milimita 1, uzidishe kwa 200. Chembe sahani hung'aa na ni ndogo. Vumbi halilingani umbo, na ndilo hupandisha hesabu.

Ikithibitika kuwa ni chache kweli, usiweke slaidi kando. Tafuta vimelea vya malaria, ambayo hushusha chembe sahani mara nyingi. Angalia pia chembe nyekundu zilizokatika vipande: ukiziona, mwite daktari saa hiyo hiyo, kwa sababu kuna ugonjwa unaovunja chembe nyekundu hivyo, TTP (mabonge madogo ya damu huziba mishipa midogo), ambao kuongezewa chembe sahani kunaweza kuuzidisha.