Kuchagua masomo ya Kiingereza sekondari Marekani: angalia krediti kabla ya kusaini

Majimbo mengi ya Marekani humtaka mwanafunzi awe na krediti 4 za Kiingereza (krediti ni kipimo cha somo alilofaulu) ndipo apate diploma ya kumaliza sekondari, moja kwa kila mwaka kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Wazazi wengi waliotoka Kongo au Burundi, au waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, hudhani somo la ESL, yaani Kiingereza cha wageni, linahesabiwa humo moja kwa moja. Kuna shule zinazoliandika kama Kiingereza, na kuna zinazoliandika kama somo la hiari. Hapo ndipo mtoto mwenye bidii anapofika darasa la 12 akakuta amepungukiwa.

Fomu ya kuchagua masomo hutoka miezi kadhaa kabla ya mwaka mpya wa masomo. Kabla ya kuisaini, mwombe kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, transkripti ya mtoto (rekodi ya masomo, alama na krediti zake) na muisome pamoja. Kwa kawaida kila muhula una mstari wake: English 9, alama, kisha 0.5. Akifeli muhula wa pili anabaki na nusu, na nusu ile nyingine ataifidia majira ya joto au kwa kozi ya mtandaoni. Kwa kila somo la ESL uliza: krediti hii inaingia kwenye Kiingereza au kwenye hiari? Omba jibu kwa maandishi. Mkalimani ni haki yako na hulipi chochote, kwa hiyo usimfanye mtoto akutafsirie mambo yanayomhusu mwenyewe.

Kanuni hubadilika kwa jimbo. Texas, ESOL I na II, yaani kozi za Kiingereza kwa wanaozungumza lugha nyingine, zinaweza kusimama badala ya English I na II. Kwa anayelenga University of California, mwaka mmoja tu wa ESL ndio unaokubaliwa katika miaka 4 ya Kiingereza inayotakiwa. Iliyobaki lazima iwe Kiingereza cha kawaida.

Mzazi anaruhusiwa kukataa madarasa ya ESL, lakini mtoto ataendelea kufanya mtihani wa lugha wa kila mwaka mpaka afikie kiwango cha jimbo. Usikatae kwa haraka. Afadhali uombe ESL na English 9 kwa pamoja, ratiba ikiruhusu.

Kozi za Kiingereza za AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari) ni mbili. Language, ambayo wengi huichukua darasa la 11, ni ya kuchambua hoja na kuandika insha. Mtihani wake una maswali 45 ya kuchagua na insha 3. Literature ni riwaya, tamthilia na mashairi. Alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 3 au 4. Anayesoma vizuri lakini anaandika polepole aanze na Language, kwa sababu uandishi ule ataukuta chuoni katika kila somo.

Uzungumzaji wa hadharani, mdahalo na uandishi wa habari kwa kawaida ni vya hiari. Uzungumzaji humfaa sana mtoto anayeelewa lakini anaogopa kunyoosha mkono. Mdahalo unaweza kula Jumamosi nzima, basi uliza kuhusu usafiri mapema.

Ratiba ikitoka, ikague siku hiyo hiyo. Muda wa kubadilisha masomo ni mfupi, mara nyingi wiki moja au mbili za mwanzo.