Kuchagua na Kufunga Stereo Ndogo ya Nyumbani: Mwongozo kwa Sebule za Kisumu

Stereo ndogo ya nyumbani ni seti yenye kichwa kimoja kilichobeba redio, amplifaya na mara nyingi sehemu ya kuchezea CD, pamoja na spika mbili zinazoweza kuwekwa mbali na kichwa hicho. Kutenganishwa kwa spika ndiko kunakoipa seti hiyo thamani yake, kwa maana muziki hurekodiwa kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na sikio humweka mwimbaji katikati, ngoma upande huu na gitaa upande ule, pale tu njia hizo zinapolifikia kutoka mahali pawili tofauti. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vifaa vya sauti majumbani hapa Kisumu, na nyumba ninazoitwa kurekebisha sauti mbaya kwa kawaida hazina upungufu wa nguvu. Zina spika zilizobanwa pamoja kando ya runinga, ndani ya chumba ambacho mwenye nyumba hakukifikiria kabisa aliponunua. Kwa hiyo naanza na chumba.

Hatua ya 1: Kipime na ukisikilize chumba

Pima urefu na upana wa sebule kwa tepu, kisha utambue ukuta ambao spika zitakaa na mahali ambapo watu huketi. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 hakihitaji spika kubwa, na kwa kweli spika yenye wufa (koni kubwa ya kutoa besi) ya inchi 8 ndani ya chumba hicho hujaza besi iliyovimba, inayofunika maneno ya mwimbaji.

Simama katikati ya chumba na upige kofi moja kubwa. Ukisikia mlio mkali unaoendelea baada ya kofi, ujue kuwa kuta za simiti, sakafu ya vigae na madirisha yasiyo na pazia vinarudisha sauti, na hakuna stereo, hata ya bei ya juu, itakayosikika vizuri humo. Tandika zulia kati ya viti na spika, weka mapazia mazito, na uache ukuta mmoja wenye kabati la vitabu au nguo. Vitambaa vyepesi vya kufunikia viti havisaidii, kwa kuwa sauti hupita ndani yake bila kupungua. Kochi lenyewe lenye sifongo nene ndilo linalosaidia. Nyumba ya mabati isiyo na dari ina tatizo la ziada, nalo ni kwamba bati hutetemeka kwa besi. Bao za dari zikifungwa, nyumba hiyo hubadilika kuliko ambavyo ingebadilika kwa kununua seti nyingine.

Hatua ya 2: Soma wati zilizo za kweli

Juu ya katoni utakuta maandishi makubwa ya maelfu ya wati, na kando yake herufi PMPO. Usizihesabu. PMPO ni namba ya matangazo isiyo na kipimo kimoja kinachokubaliwa, na mtengenezaji anaweza kuandika apendavyo. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa kwa mfululizo. Zisipoandikwa, geuza seti na usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaovutwa: kifaa kinachovuta wati 50 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 za muziki, hata mwuzaji aape vipi.

Namba nyingine ambayo wanunuzi wachache huiuliza ni wepesi wa spika kuitikia, unaoandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 86 ni ya kawaida kwa seti ndogo. Kila unapozidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa kiasi; ili sauti ionekane kuwa mara mbili unahitaji takriban nguvu mara kumi. Ndiyo kusema kwamba tofauti kati ya seti ya wati 20 na ya wati 30 kwa kila upande ni ndogo sana, na haifai kulipiwa fedha ambazo zingenunua spika bora. Kwa sebule niliyoitaja, wati 20 hadi 30 za RMS kwa kila spika zinatosha, na masikio yatachoka kabla seti haijachoka.

Hatua ya 3: Kuwa mwangalifu na seti ya mtumba

Seti zilizotumika ng'ambo zinazouzwa mijini kwetu, na hata pale soko la Kibuye, baadhi yake ni bora kuliko seti mpya za bei hiyohiyo, na mimi mwenyewe huzipendekeza, lakini kwa masharti. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Seti iliyotoka Uingereza huchomekwa moja kwa moja na huja na plagi yetu ya miguu mitatu. Seti iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukichomeka mojawapo bila transfoma ya kupunguza umeme, itaungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kukubali ijaribiwe.

Seti ya Japani ina jambo la pili, ambalo wenye magari kutoka huko wanalijua vyema. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na huishia 90 kwa seti za zamani, au 95 kwa zile za karibuni, ilhali stesheni zetu zimetawanyika kati ya 87.5 na 108. Mtu anayenunua stereo ili mama yake asikilize Ramogi FM asubuhi hana budi kuitafuta stesheni hiyo palepale, kabla ya kulipa.

Kisha vua kitambaa cha mbele cha spika na utazame ukingo unaoizunguka koni, ile sehemu ya duara inayotetemeka na kutoa sauti. Ukingo wa sifongo huoza kwa miaka, hasa katika joto na unyevu wa kando ya ziwa, na huvunjika ukiugusa. Ukingo wa mpira hudumu. Sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vilivyotawanywa sawasawa: iende na kurudi kimya. Ikikwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda.

Hatua ya 4: Sikiliza dukani kwa muziki unaoujua

Usikubali kusikiliza wimbo wa muuzaji pekee, kwa sababu ameuchagua kwa ajili ya besi. Nenda na flashi yenye rekodi unazozijua kwa moyo, na umwombe kwa heshima: "Ndugu yangu, naomba uweke vitufe vyote vya besi na trebo katikati, halafu unichezee hizi." Muuzaji mwema hatakataa.

Mimi hutumia rekodi za aina tatu. Ya kwanza ni nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa ala anapocheza. Kwenye spika nzuri mlio huo wa pete husikika mkavu na mfupi, umejitenga na nyuzi. Kwenye spika mbaya huwa mchakacho unaoumiza, au hupotea kabisa. Ya pili ni isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha yake ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Humo mna ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kazi yako ni kuzihesabu. Ukisikia mngurumo mmoja badala ya ngoma tatu, spika hiyo imepikwa ili ivutie dukani, na nyumbani itakuchosha. Ya tatu ni benga, ambapo gitaa la besi halitulii, bali hukimbizana na gitaa la kwanza. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema kwa hezi 41, kina ambacho wufa ya inchi 4 haikifikii kikamilifu, na hilo si kosa; unachotafuta ni kwamba kila noti ianze na kuisha, uweze kuifuata bila kukaza sikio.

Ukisharidhika, chukua risiti na kadi ya waranti iliyopigwa muhuri, na utazame kama kifaa kina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Hatua ya 5: Unganisha waya bila kugeuza nguzo

Zima seti na uichomoe ukutani. Kila spika ina nguzo mbili, nyekundu ya chanya na nyeusi ya hasi, na nyuma ya kichwa zimo vilevile; nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Angalia kuwa omu za spika (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) hazipungui zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, kwani spika ya omu 4 kwenye amplifaya ya omu 8 huipasha moto na huweza kuiunguza. Kama waya za seti hazifiki, nunua waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, unaotosha kabisa kwa mita 5. Kwaruza ncha yake kwa kisu kabla ya kununua: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.

Nguzo zikigeuzwa kwenye spika moja, koni moja husonga mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na besi hufutana hewani. Ili kujua, weka redio wakati wa taarifa ya habari na ukae katikati ya spika. Sauti ya msomaji inapaswa kutoka katikati, mahali ambapo hapana spika. Ikiwa imetapakaa na huwezi kuionyesha kwa kidole, badilisha waya za spika moja tu, kisha usikilize tena. Kosa hili nalikuta mara nyingi mno, na kulirekebisha hakugharimu hata shilingi.

Hatua ya 6: Ziweke spika mahali pake

Hapa ndipo nawaomba wasomaji watumie muda wao mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Spika mbili na kichwa chako wewe msikilizaji viunde pembetatu yenye pande sawa: spika zikiachana mita 2, kiti nacho kiwe mita 2 kutoka kwa kila moja. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, kwa sababu sauti nyembamba husafiri kama mwanga wa tochi na humfaidi aliye mbele yake. Spika iliyowekwa juu ya kabati huimbia dari. Stuli mbili ngumu zilizotengenezwa na seremala wa mtaani hufanya kazi hii vizuri. Tia vipande vya mpira chini ya spika ili stuli isitetemeke.

Ukuta huongeza besi, na kona huiongeza zaidi. Anza kwa kuacha sentimita 30 kati ya mgongo wa spika na ukuta, cheza wimbo mmoja, kisha sogeza spika sentimita 5 kwa wakati mmoja, mbele au nyuma, hadi noti za besi zilingane nguvu. Spika yenye tundu nyuma inahitaji nafasi zaidi. Mwisho zigeuze kidogo zikuelekee. Familia isiyoweza kuketi mahali pamoja isihuzunike: ukizigeuza kidogo kuliko hapo, watu wengi zaidi hupata sauti inayokubalika, ingawa kiti cha katikati kitapoteza kiasi.

Hatua ya 7: Ilinde seti dhidi ya stima na radi

Chomeka stereo kwenye kilinda volti chenye kuchelewesha umeme kwa dakika chache stima inaporudi, kwa kuwa volti hupanda na kushuka wakati huo. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3, si 13; ampea 3 kwa volti 240 ni wati 720, nguvu inayozidi mahitaji ya seti yoyote ndogo. Kilinda volti hakizuii radi. Eneo la ziwa lina mvua za radi nyingi, hasa alasiri na jioni, na mawingu yanapokusanyika kinga pekee ya kuaminika ni kuchomoa plagi ukutani na waya wa antena ya nje pia, kabla ngurumo haijakaribia.

Hatua ya 8: Panga viwango vya sauti

Unapocheza kutoka kwenye simu kwa Bluetooth au kwa waya wa AUX, pandisha sauti ya simu hadi karibu asilimia 85, kisha uongoze kwa kitufe cha stereo. Simu ikiwa chini mno, utalazimika kufungua amplifaya sana na utasikia mvumo. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, ambao seti nyingi husoma, na nyimbo za MP3 ziwe za kilobiti 192 kwa sekunde au zaidi. Za kilobiti 64 hufanya matoazi yasikike kama maji.

Usiwashe kitufe cha kuongeza besi huku sauti ikiwa juu. Amplifaya iliyolazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na umeme uliokatwa hivyo huunguza twita kwanza. Ukisikia ukwaruzo, punguza mara moja. Kwa masikio, desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku ndicho kipimo kinachotumiwa kulinda wafanyakazi, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Tena kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 kuhusu kelele huhesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na viwango vya maeneo ya makazi hushuka wakati huo. Kwenye ploti zenye ukuta mmoja kati ya nyumba na nyumba, punguza besi hasa, kwa maana ndiyo inayopenya ukuta.

Hatua ya 9: Itunze

Acha sentimita 10 za hewa juu na kandoni mwa kichwa cha stereo, na usikifunike kitambaa kikiwa kimewashwa. Mende na mijusi hupenda joto lake, na wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa hadi ndani ya matundu, wafe humo na kushikamana na vumbi. Wanapotanda, zima taa iliyo karibu na seti na ufunge madirisha. Futa matundu kwa brashi laini na kavu kila mwezi. CD ikianza kuruka, safisha lenzi kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo alkoholi ya isopropili, bila kukandamiza. Ncha za waya za spika nazo hubadilika rangi kwa unyevu, kwa hiyo kila mwaka zikate kidogo, menya shaba mpya na uzikaze upya.