Fizikia kwa mshipi na chubwi: kusoma kama wewe ni mtu wa mikono

Kama ukikaa na kitabu dakika kumi macho yashaanza kufunga, lakini ukipewa redio mbovu waifungua na kuifunga mpaka usiku, usijiite mjinga, we badilisha namna ya kusoma tu. Mimi nimekulia hapa Lamu na fizikia ilinitesa sana hadi nilipoanza kuishika.

Chukua pendulamu. Tafuta mshipi wa kuvulia na chubwi (kile kizito cha kuzamishia ndoana), ning'iniza kwa msumari juu ya mlango, pima mita 1 toka msumari hadi katikati ya chubwi. Kabla hujaachilia andika kwa daftari: ikienda na kurudi mara 20 itachukua sekunde ngapi, na nikifupisha iwe robo mita je? Hapa ndo watu huruka manake wataka kucheza tu, usiruke, ukibahatisha ukakosea ndo akili inashika. Haya, ivute kidogo (kidogo tu!), achia, pima na simu. Mita 1 yaja karibu sekunde 40, robo mita karibu 20. Yaani mshipi umepungua mara nne lakini muda umepungua nusu, na ile mzizi wa pili ulokuwa ukiikariri kwa fomula ndo hiyo sasa, mzizi wa pili wa nne ni mbili. Weka chubwi zito zaidi uone kama kuna kitakachobadilika, wengi huapa kitabadilika.

Densiti (uzito wa kitu kwa nafasi kinachochukua) ni yai na chumvi. Ila usikimbilie kuchota maji ya bahari, yai bichi freshi huzama hata humo, ongeza chumvi kijiko kijiko mpaka liinuke. Na ukitumwa kupara samaki changu, kabla hujatupa mashavu anayopumulia yahesabu matao, manne kila upande, baiolojia ya bure hiyo.

Sasa kosa langu mimi: nilikuwa nagusa kila kitu halafu kwa mtihani sina la kuandika. Fizikia ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), praktikali ni pepa 3, pepa 1 na 2 ni kalamu tu. Kwa hivyo ukimaliza ficha vitu vyote, mkalishe mdogo wako barazani umueleze mikono ikiwa mgongoni, bila kuonyesha. Utakwama, na pale unapokwama paandike, kesho kabla ya chai ning'iniza chubwi tena uanzie hapo hapo.