Kuvipangia vyombo vya umeme saa zake za jua: mwongozo kwa nyumba za Mombasa

Mwongozo huu unamhusu mwenye nyumba ambaye tayari amefungiwa paneli, inveta na betri, lakini bado anashangaa kuona tokeni zikiisha upesi. Katika nyumba nyingi ninazoitwa kukagua, mfumo wenyewe hauna hitilafu. Kinachokosekana ni ratiba, kwa kuwa pampu, pasi na mashine ya kufulia huwashwa watu wanaporudi kazini jioni, wakati ambapo jua limekwisha kuzama na betri ndiyo inayobebeshwa kila kitu. Nitatumia mfano wa paneli 4 za wati 550, inveta ya kilowati 3 na betri ya lithiamu ya yuniti 5.

Hatua ya 1: Tenga vyombo vinavyoweza kusubiri

Soma kibandiko cha kila chombo na uandike wati zake. Taa, pangaboi, friji na kifaa cha intaneti havisubiri, basi viache. Pampu, pasi, mashine ya kufulia na hita ya maji vinasubiri, na ratiba yote ni ya hivyo tu.

Hatua ya 2: Zijue saa za jua la paa lako

Mombasa jua hufika utosini karibu saa sita na dakika ishirini mchana, na saa zenye nguvu ya kutegemewa ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Usitarajie wati 2,200 kutoka kwa paneli za wati 2,200, kwa sababu joto la paa, vumbi na ukungu wa chumvi unaoletwa na upepo wa bahari hupunguza. Adhuhuri ya anga safi, wati 1,600 hadi 1,800 ni mavuno mazuri. Zioshe kwa maji yasiyo ya chumvi alfajiri, zikiwa bado baridi.

Kagua pia kivuli, tena si mara moja kwa mwaka. Mwezi wa Juni jua hupita upande wetu wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Kwa hiyo mnazi au tangi lililo kaskazini mwa paneli, ambalo halikuwa na neno wakati wa kaskazi, huanza kuzitia kivuli msimu wa kusi. Kivuli kwenye paneli moja tu huweza kushusha nguvu ya mstari mzima wa paneli zilizounganishwa nayo.

Hatua ya 3: Anza na pampu

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo panapopuuzwa zaidi. Katika mitaa mingi maji ya mfereji huja kwa zamu, mara nyingi usiku, yakajaa katika tangi la chini, na mwenye nyumba huona ni lazima ayapandishe juu papo hapo. Hakuna haja. Pampu ya nusu hospawa hupandisha lita 1,000 kwenye paa la ghorofa mbili kwa chini ya nusu yuniti, na maji yakishafika juu hushuka yenyewe usiku kucha bila kugusa betri. Kwa maoni yangu, anayetaka kuongeza betri ya pili na aongeze kwanza tangi la pili.

Ipangie pampu kuanza saa nne na nusu asubuhi. Injini yake inapowaka huvuta kwa muda mfupi mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na pasi ikiwa imewashwa wakati huohuo, inveta inaweza kujizima. Weka swichi ya boya katika matangi yote mawili: ya juu izime tangi likijaa, na ya chini ilinde pampu isizunguke bila maji. Taima ndogo ya kuchomeka kwenye soketi haifai kubeba injini. Taima iamrishe kontakta, yaani swichi kubwa inayoubeba mzigo wa injini, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya.

Hatua ya 4: Vipe vyombo vya joto zamu

Kanuni ni moja: chombo kimoja cha joto kwa wakati mmoja. Mashine ya kufulia iwekwe kwenye maji baridi, kwani maji ya Mombasa hayahitaji kuchemshwa ili nguo zitakate, na kichemshio cha ndani peke yake huweza kula wati 2,000. Ianze saa tano na nusu, pampu ikiwa imeshazima. Pasi ifuate saa saba, nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Kuanzia saa nane na nusu acha jua liishindilie betri. Ikiwa saa kumi haijajaa, ondoa kazi moja katika ratiba ya kesho.

Hatua ya 5: Ingiza saa katika taima na inveta

Hapa makosa ni mengi. Taima husoma 10:30 pale ambapo sisi tunasema saa nne na nusu asubuhi. Ukiandika 4:30, pampu itanguruma saa kumi na nusu alfajiri. Taima ya mviringo ina vijino 96, kila kimoja robo saa, kwa hiyo saa moja ya pampu ni vijino vinne. Taima hiyo husimama umeme unapokatika, basi ifunge upande wa inveta. Katika inveta nyingi chagua SBU, maana yake jua kwanza, kisha betri, na umeme wa Kenya Power mwisho.

Hatua ya 6: Badilisha ratiba kwa majira

Wakati wa masika, Aprili na Mei, mavuno ya siku yanaweza kushuka chini ya nusu: fua siku anga inapofunguka, na betri itangulie kila kitu. Ramadhani ina hesabu yake, kwa sababu matumizi makubwa huhamia kati ya futari na daku. Pampu na kufua vimalizwe kabla ya saa saba, alasiri yote iwe ya betri, na maji ya chai ya daku yachemshwe saa tisa, jua lingali juu, yakahifadhiwe katika chupa ya chai.