Namna ya kusoma beji na nishani za babu aliyekuwa keya

Hapa Iringa, na kushuka hadi Mufindi, Njombe na Rungwe, bado kuna masanduku ya bati yenye beji, vifungo vya sare na nishani za wazee walioitwa keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Waingereza, waliopigana Bama (Myanmar ya leo) katika Vita Kuu ya Pili. Nazisaidia familia kuzisoma. Alama hizi zilipangwa kwa utaratibu, na ukizifuata kwa zamu zitakuambia mzee alitumikia jeshi gani, enzi gani, na alifika wapi.

Hatua ya 1: Usisugue

Mtu akiona shaba imeingia weusi hukimbilia ndimu na majivu. Tafadhali, acha. Michoro ya beji imeinuka kidogo tu, na kila msuguo unaila. Pangusa vumbi kwa mswaki laini, mkavu. Kisha zima taa ya chumba, weka beji mezani, na laza tochi ya simu pembeni yake ili mwanga upite juu juu. Herufi ambazo hukuziona mchana zitatoa vivuli. Zikikataa, funika beji kwa karatasi nyembamba na upitishe penseli ya risasi laini juu yake, polepole.

Hatua ya 2: Tambua jeshi

Ukiona ndege tai, unashika kitu cha Mjerumani: askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walivaa nembo ya ndege huyo mbele ya tarbushi. Ukiona tarumbeta ya pembe iliyoning'inizwa kwa kamba, fikiria King's African Rifles, KAR, jeshi lililoundwa mwaka 1902 ambalo wazee waliliita Keya.

Pembe ile ina sababu. Katika jeshi la Uingereza askari wa kawaida walisogea kwa safu wakifuata ngoma, lakini wale wa bunduki za shabaha walipigana wakiwa wametawanyika, kwa hiyo amri iliwafikia kwa tarumbeta. Vikosi vilivyobeba jina la Rifles vikaifanya nembo yao, na Keya wakairithi.

Hatua ya 3: Pima taji

Taji linaweza kuwa kwenye kifungo, kwenye cheo au kwenye nishani. Tazama matao yake. Yakipanda na kukutana juu kama kuba, bila kubonyea, ni taji la enzi za wafalme, kuanzia 1902 hadi 1952. Yakibonyea katikati, chini ya msalaba, ni la Malkia Elizabeth II, baada ya 1952. Hapa hadithi nyingi hurekebishwa: kifungo chenye taji lililobonyea hakikuvaliwa Bama, hata kama familia imekuwa ikisema hivyo miaka yote. Inawezekana mzee alibaki jeshini baada ya vita, au kifungo ni cha mwanawe.

Hatua ya 4: Soma namba na tepe

Namba kwenye beji ya Keya ni ya batalioni, yaani kikosi chake. Batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland (Malawi ya leo), ya 3 Kenya, ya 4 Uganda. Ya 6, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa ya Tanganyika, na wakati wa uhuru mwaka 1961 ikageuzwa kuwa Tanganyika Rifles. Namba 36 pia ni Tanganyika. Askari wa batalioni hiyo ya 36 walikwenda Bama chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa kichwa cha kifaru begani. Familia za Kyela na Rungwe, ulizeni kama mzee aliandikishwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasaland.

Tepe mbili ni koplo, tatu ni sajini.

Hatua ya 5: Nishani na utepe wake

Utepe ndio unaosema zaidi, kwa hiyo usiutoe wala kuufua. Nyota ya Bama, yenye ncha 6, ina utepe wa buluu iliyokoza wenye mstari mpana mwekundu katikati, ambao ni majeshi ya Uingereza na makoloni yake; mistari miwili ya rangi ya chungwa ni jua. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wa jangwa, na ndiyo waliyopewa waliopigana Uhabeshi mwaka 1941. Nishani ya mviringo yenye simba aliyemkanyaga joka la vichwa viwili ni ya vita ya 1939 hadi 1945 kwa jumla, haitaji uwanja wowote.

Usipoteze muda kutafuta jina la babu kwenye nishani hizi. Waingereza walizigawa kwa Keya bila kuchonga jina. Jina na namba yake ya jeshi vitafute kwenye cheti cha kuachishwa kazi, ambacho mara nyingi kimekunjwa ndani ya Biblia au kitabu cha kodi.

Hatua ya 6: Andika kabla ya kuuza au kugawana

Piga picha pande zote mbili, rula ikiwa pembeni. Kaa na bibi, mwamkie, kisha muulize mzee aliondoka na nani kijijini na alirudi mwaka gani, uandike kwa maneno yake mwenyewe. Weka karatasi hiyo pamoja na vitu katika mfuko wa kitambaa cha pamba, si nailoni, maana nailoni hufungia unyevu na shaba huota kutu ya kijani. Wanunuzi hupita vijijini wakitoa bei ndogo na kubeba nishani bila cheti. Familia ikiamua kuachia vitu, viondoke vyote pamoja.